Sufuria za stenlesi: mwongozo kamili wa kuondoa ukoko, mafuta yaliyoganda, madoa na kutu bila kuharibu chuma

Malalamiko ni yaleyale kila mara: "Nimesugua mpaka mkono umechoka, doa liko palepale." Mwingine amefuata ushauri wa kumwaga siki juu ya soda, povu limefuka vizuri machoni, kisha lilipotulia ukoko ukabaki kama ulivyokuwa. Wa tatu amefaulu kutoa doa, lakini wiki iliyofuata sufuria ikaanza kutoa vidoa vya kutu.

Wote watatu wana tatizo moja. Wameanza kusugua kabla ya kujua wanasugua nini. Sufuria ya chuma cha pua, ile wengi wetu tunayoiita stenlesi, inaweza kubeba madoa ya namna mbili zilizo tofauti kabisa. Namna ya kwanza imetoka kwenye chakula na mafuta. Hiyo inataka soda na maji ya moto. Namna ya pili imetoka kwenye maji, joto au kutu. Hiyo inataka asidi, kama siki au limau. Ukibadilisha dawa, utasugua mpaka kesho.

Jambo moja la kuelewa kabla hatujagusa maji. Stenlesi haishiki kutu kirahisi kwa sababu ndani yake kuna kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kwenye sufuria nzuri za jikoni kawaida ni kama asilimia 18. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba sana usioonekana, nao ndio unaolinda chuma. Utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Maadui zake wakubwa jikoni ni chumvi na dawa za klorini. Karibu kila doa unaloliona limekaa juu ya utando huo, kwa hiyo kazi yako ni kulegeza kilichokaa juu. Huna haja ya kuchimba chuma.

## Vifaa vya kuandaa

Weka vyote karibu kabla ya kuanza:

- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Soda ya kuokea, ile ya unga mweupe inayoumulia keki. Usichukue hamira, wala bekingi pauda, ambayo tayari imechanganywa na asidi na unga wa wanga, kwa hiyo nguvu yake hapa ni ndogo.
- Siki nyeupe, au limau, au asidi ya sitriki ya unga.
- Dodoki au sifongo lenye upande mgumu wa nailoni.
- Mwiko wa mbao wenye ncha bapa.
- Mswaki wa zamani, kwa ajili ya kona na ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia mpini.
- Vitambaa viwili laini, kimoja cha kusugua na kimoja kikavu cha kufutia.
- Glavu za mpira.
- Kwa madoa sugu tu: unga wa kusafishia wenye asidi ya okzaliki. Bar Keepers Friend ni mojawapo ya chapa zinazojulikana.

Kuna vitu viwili ambavyo havimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Cha kwanza ni waya wa chuma wa kusugulia. Huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida vilivyonasa kwenye mikwaruzo, na vipande hivyo ndivyo vinavyoota kutu siku chache baadaye. Mwenye sufuria hudhani stenlesi yake ni bandia, kumbe kutu ni ya waya. Cha pili ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hiyo hula stenlesi na kuacha vishimo visivyozibika.

## Hakikisha kwanza ni stenlesi

Njia ya kuchemsha na soda ni salama kwa stenlesi, lakini sufuria ya alumini itageuka nyeusi au kijivu kizito. Alumini ni nyepesi mkononi, rangi yake imefifia, na ukiifuta kwa nguvu kwa kitambaa cheupe mara nyingi huacha weusi. Stenlesi ni nzito zaidi na hung'aa kwa rangi baridi ya fedha.

Sumaku haitoshi kukupa jibu. Stenlesi yenye nikeli nyingi, ile inayoandikwa 18/10 au 18/8 (namba ya kwanza ni asilimia ya kromiamu, ya pili ni ya nikeli), haivutwi na sumaku au huvutwa kidogo sana. Ile ya 18/0 huvutwa vizuri. Na sufuria zilizotengenezwa kwa ajili ya jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, huwekewa kitako chenye sumaku hata kama kuta zake ni 18/10. Kwa hiyo sumaku kushika au kutoshika hakuthibitishi kuwa umeuziwa bandia.

Kikaango chenye tabaka jeusi la kuzuia kushika hakihusiki na mwongozo huu hata kidogo, ingawa nje yake inaweza kuwa stenlesi.

## Soma doa kabla ya kushika dodoki

Peleka sufuria kwenye mwanga, igeuze, pitisha kidole.

Jeusi, nene, lina mwinuko chini ya sufuria: ukoko wa chakula kilichoungua. Nenda hatua ya 3.

La kahawia au la dhahabu, linang'aa, linanata kidogo au gumu kama vanishi, hasa kwenye kingo na nje: mafuta yaliyoganda kwa joto. Nenda hatua ya 4.

Jeupe, kama vumbi la chaki, halitoki kwa sabuni: chokaa ya maji. Hatua ya 6.

Rangi za buluu, zambarau na manjano kama upinde wa mvua, na kidole hakihisi kitu: joto limenenepesha ule utando wa kinga, na mwanga unapopita humo hugawanyika rangi. Halidhuru chakula. Hatua ya 6.

Vidoa vya rangi ya chungwa au kahawia-nyekundu: kutu ya juujuu. Hatua ya 7.

Nukta ndogo zilizozama, ukipitisha kucha inakwama: vishimo vya chumvi. Hatua ya 7 tena, ila jiandae kwa habari isiyofurahisha.

Ikiwa sufuria ina madoa ya namna zote mbili, anza daima na ya chakula na mafuta, halafu ya madini. Asidi haipenyi mafuta, kwa hiyo siki ikimiminwa juu ya chokaa iliyofunikwa na mafuta itateleza tu.

## Hatua ya 1: Acha sufuria ipoe yenyewe

Usitoe sufuria motoni na kuiingiza chini ya bomba. Sufuria nyingi nzuri zina alumini katikati ya tabaka mbili za stenlesi ili joto lisambae sawasawa. Metali hizo mbili hazitanuki na kusinyaa kwa kasi moja. Maji baridi yakipiga kitako chenye moto mkali, kitako hujikunja. Sufuria iliyojikunja hucheza juu ya jiko, mafuta hukimbilia upande mmoja, na chakula huanza kuungua mahali palepale kila siku.

Subiri mpaka uweze kugusa ukuta wa sufuria bila kuondoa mkono haraka. Kama una haraka, mimina maji ya moto, si ya baridi.

## Hatua ya 2: Sabuni na maji ya moto kwanza

Inaonekana jambo dogo, lakini watu wengi huiruka na kukimbilia dawa kali. Jaza maji ya moto, tia matone machache ya sabuni, acha kwa nusu saa. Kisha sugua kwa upande laini wa sifongo.

Sukari iliyoungua, hata ikionekana ya kutisha, huyeyuka katika maji ya moto peke yake ukiipa muda. Wanga wa wali na tambi hulegea vilevile. Kinachobaki baada ya hapa ndicho doa lako halisi, na sasa ni rahisi kukitambua.

Usiiache imelowekwa usiku kucha ikiwa chakula kilikuwa na chumvi nyingi. Maji ya chumvi yaliyotulia ndiyo yanayoanzisha vishimo.

## Hatua ya 3: Kung'oa ukoko kwa soda na moto

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na karibu kila anayeshindwa amefanya haraka.

Mimina maji mpaka yafunike ukoko wote na kupanda juu yake kama upana wa vidole viwili. Usipite nusu ya sufuria. Tia soda ya kuokea vijiko vikubwa 2 kwa kila lita ya maji, kidogo kidogo, maji yakiwa bado baridi. Washa moto wa wastani.

Kwa nini yawe baridi? Soda ikipata joto hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Ukiimwaga yote kwenye maji yanayochemka, povu litapanda ghafla na kumwagika jikoni, na linaweza kukuunguza. Lakini badiliko hilohilo ndilo tunalolitafuta: soda iliyochemka huwa kali zaidi kuliko soda ya baridi. Hupenya chini ya ukoko, hulainisha kilichoungua, na sehemu ya mafuta huigeuza kuwa aina ya sabuni. Ndiyo maana kupaka soda kavu na kusugua hakufanyi kazi inayofanywa na soda iliyochemshwa.

Yakianza kuchemka, punguza moto yatokote taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Maji yatageuka kahawia na utaona magamba meusi yakielea. Chukua mwiko wa mbao uanze kusukuma ukoko kutoka pembeni kuelekea katikati. Usichimbe, sukuma tu. Palipokubali, panabanduka kama kipande kizima. Palipokataa, paache.

Zima moto. Sasa acha sufuria ikae na maji yake mpaka yawe ya uvuguvugu. Watu humwaga maji mara tu wanapozima, na hapo ndipo wanapojinyima nusu ya kazi, kwa sababu soda huendelea kula ukoko wakati maji yanapoa. Baada ya hapo mwaga, sugua kwa upande mgumu wa dodoki, suuza.

Ukoko wa nyama au maziwa ulioungua kwa muda mrefu unaweza kuhitaji kurudia. Rudia kwa maji mapya na soda mpya. Yale ya kwanza yamechoka.

Utajua umefaulu ukipitisha ncha za vidole chini ya sufuria ukakuta pote ni laini. Rangi ya kahawia au kivuli cha kijivu kinaweza kubaki, na hilo si kosa. Mwinuko umekwisha, kivuli kitatoka hatua inayofuata au kwa siki.

Tahadhari kuhusu siki na soda pamoja. Soda na siki zikikutana huuana. Povu unaloliona ni hewa ya kaboni dioksidi ikitoka, na kinachobaki ndani ya sufuria ni maji yenye chumvi hafifu ya siki, ambayo hayasafishi kitu. Vitumie vyote viwili ukitaka, lakini kimoja kwanza, suuza, ndipo cha pili.

## Hatua ya 4: Mafuta yaliyoganda

Yale madoa ya kahawia yanayong'aa kwenye kingo za kikaango na kuzunguka mpini si uchafu wa kawaida. Mafuta ya kupikia yakipata joto kali kwa muda, chembe zake huungana na kuwa tabaka gumu. Sabuni haina uwezo nalo kwa sababu si mafuta tena kwa maana ya kawaida. Kulitoa kunataka uvumilivu.

Tengeneza uji mzito: vijiko vikubwa 3 vya soda na kijiko kikubwa kimoja cha maji. Uji huo unapaswa kushika kwenye ukuta bila kuteremka. Paka juu ya doa, acha dakika 20 hadi 30, kisha sugua kwa kitambaa chenye maji kidogo. Fuata mistari midogo ya chuma, ambayo ukiangalia vizuri utaiona ikienda upande mmoja au ikizunguka. Kusugua kwa kuikata mistari hiyo huacha alama zinazoonekana kila mwanga ukipiga.

Ikiwa tabaka ni jembamba, litatoka hapa. Ikiwa ni la miezi, litabaki, na hapo ndipo unga wenye asidi ya okzaliki unapopata kazi.

Vaa glavu. Lowesha sufuria, nyunyiza unga kidogo, tia matone ya maji uwe kama uji, sugua taratibu. Usiuache kwenye chuma zaidi ya dakika moja. Suuza, angalia, rudia kama bado. Ukiuacha muda mrefu unaweza kufifisha ng'aro. Suuza kwa maji mengi, kisha osha tena kwa sabuni, maana asidi hii haitakiwi kubaki kwenye chombo cha chakula.

Usichanganye unga huu, siki wala limau na dawa ya klorini, hata kwa mabaki yaliyomo kwenye sinki. Asidi na dawa ya klorini hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu.

Ishara ya mafanikio ni hii: maji yakimiminwa juu ya sehemu hiyo husambaa kama utando mmoja. Yakijikusanya matone na kukimbia, bado kuna mafuta.

## Hatua ya 5: Nje, kitako na ribiti

Watu husafisha ndani na kusahau nje, kisha hushangaa kwa nini sufuria inatoa harufu ya kuungua kabla chakula hakijaanza kuiva. Ni mafuta ya nje yanayoungua upya.

Kwa kitako, kama una chombo kikubwa zaidi, chemsha maji na soda ndani yake, zima moto, ukalishe sufuria humo kwa nusu saa. Kama huna, tumia uji wa soda wa hatua ya 4 na ufunike kwa kitambaa kilicholowa ili usikauke.

Masizi ya kuni au mkaa hutoka kwa sabuni na dodoki yakiwa mapya. Ukijua utapika juu ya moto wa wazi, paka sabuni ya maji utando mwembamba nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni. Masizi yatakaa juu ya sabuni, na ukiosha yataondoka nayo.

Ribiti zinazoshikilia mpini hukusanya uchafu mweusi pembeni. Mswaki, uji wa soda, dakika chache. Basi.

## Hatua ya 6: Chokaa na rangi za upinde wa mvua

Sasa ni zamu ya asidi, na hatua hii ni rahisi kuliko zote.

Kwa chokaa, changanya sehemu moja ya siki na sehemu tatu za maji, chemsha, zima, acha ipoe ndani ya sufuria, mwaga na uoshe kwa sabuni. Ukiona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye weupe, ni chokaa ikiyeyuka. Kama huna siki, kijiko kikubwa kimoja cha asidi ya sitriki kwa lita ya maji kinafanya kazi ileile bila harufu. Fungua dirisha unapochemsha siki; mvuke wake huwasha macho.

Kwa rangi za upinde wa mvua, huhitaji kuchemsha. Mimina siki kidogo, zungusha kwa kitambaa, utaziona zikifutika mbele ya macho yako. Zile za kahawia nzito zilizotokana na kupasha sufuria tupu ni sugu zaidi, na kwa hizo rudi kwenye unga wa okzaliki.

Usiache siki ndani usiku kucha.

## Hatua ya 7: Kutu na vishimo

Kutu ya juujuu mara nyingi imetoka nje ya sufuria yenyewe: waya wa kusugulia, kisu cha chuma kilichoachwa juu yake, maji ya bomba kuukuu. Sugua kwa limau au kwa uji wa asidi ya sitriki, suuza, kausha. Ikikataa, unga wa okzaliki huiyeyusha haraka. Angalia tena baada ya siku mbili au tatu, isiporudi, imekwisha.

Vishimo ni jambo lingine. Hapo chuma chenyewe kimeliwa, na hakuna dawa ya kukirudisha. Sufuria bado inafaa kupikia, hakikisha tu unaisugua vizuri ili chakula kisijikusanye humo. Usijaribu kuvisaga kwa msasa ukidhani utavimaliza, kwa sababu utapanua eneo lililochakaa bila kufika chini yake.

## Hatua ya 8: Suuza, kausha, kagua

Suuza kwa maji ya moto na ufute kwa kitambaa kikavu mara moja. Sufuria ikiachwa ijikaushe yenyewe, kila tone huacha chokaa yake, na wiki ijayo utakuwa umerudi hatua ya 6.

Ifute kwa kitambaa cheupe. Kikitoka safi, umemaliza. Kikitoka na ukijivu, osha mara moja zaidi.

## Sufuria mpya ina maandalizi yake

Sufuria mpya hutoka kiwandani na mabaki ya dawa ya kung'arishia, na sabuni peke yake haiyatoi yote. Dondosha mafuta ya kupikia kwenye kitambaa au karatasi ya jikoni, sugua ndani na kwenye kingo. Itatoka kijivu au nyeusi. Badilisha karatasi mpaka itoke safi. Kisha sugua kwa uji wa soda, osha kwa sabuni na maji ya moto, kausha.

Kwa mtu mwenye mzio wa nikeli kuna jambo la ziada. Vyakula vyenye asidi, kama nyanya, vikipikwa kwa saa nyingi huchota nikeli kidogo kutoka kwenye chuma, na sufuria mpya hutoa zaidi kuliko iliyokwisha kutumika mara kadhaa. Achague ile ya 18/0, ambayo karibu haina nikeli.

## Kupika kwa namna isiyoleta kazi hii tena

Nina hakika kwamba robo tatu ya madoa yanayoletwa kwangu yangezuiwa jikoni kabla ya sinki. Tabia tano ndizo zenye uzito.

Joto kwanza, mafuta baadaye. Weka kikaango kitupu kwenye moto wa wastani kwa dakika mbili au tatu. Dondosha maji kidogo, nusu kijiko cha chai. Yakichemka na kupotea, bado. Yakijikusanya kuwa tone moja linaloteleza huku na huku kama zebaki bila kukauka, kikaango kimefika: tone limebebwa na mvuke wake lenyewe. Futa maji yote, punguza moto kidogo, tia mafuta, kisha chakula. Usifanye jaribio hili mafuta yakiwa ndani. Yataruka na kukuunguza.

Ukishaweka nyama au samaki, usikisukume chakula. Protini hushika chuma mwanzoni, kisha huachia yenyewe upande wa chini ukishapata rangi. Anayeng'ang'ania kugeuza mapema ndiye anayeacha nusu ya samaki kwenye kikaango.

Moto wa wastani unatosha. Sufuria yenye alumini katikati hushika joto vizuri. Moto mkali ndio unaogandisha mafuta pembeni na kuleta rangi za upinde wa mvua.

Chumvi iingie maji yakichemka. Punje za chumvi zikitua kwenye kitako ndani ya maji baridi, kila punje hujizungushia maji yenye chumvi kali mno, na hapo ndipo kishimo kinapoanza. Maji yakichemka, tia chumvi na ukoroge papo hapo. Kwa sababu hiyohiyo, usihifadhi mchuzi wenye chumvi au asidi ndani ya sufuria mpaka kesho. Uhamishie kwenye chombo kingine.

Na ukimaliza kukaanga, kikaango kikiwa bado kina joto, mimina maji kidogo ya moto na ukwangue kwa mwiko. Kilichoshika kitabanduka papo hapo, na mara nyingi ni mchuzi mtamu usiofaa kutupwa.

## Kuosha kwa mashine na kuhifadhi

Watengenezaji wengi huruhusu mashine ya kuoshea vyombo, lakini mimi huosha kwa mkono sufuria zote zenye tabaka la alumini linaloonekana kwenye ukingo. Sabuni ya mashine ni kali, na hula ukingo huo mpaka stenlesi inabaki imejitokeza na kuwa na makali ya kukata vidole.

Ukizipanga moja ndani ya nyingine, weka kitambaa au karatasi katikati. Usifunike kwa mfuniko sufuria isiyokauka kabisa, la sivyo utaikuta na harufu ya uvundo.

## Ikiwa sufuria imekaukia motoni

Ukikuta maji yamekwisha na sufuria inafuka moshi, zima moto na usiinyanyue. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na sufuria iliyokaukia kwenye moto mkali inaweza kufika huko. Ikinyanyuliwa, alumini iliyoyeyuka inaweza kudondoka kutoka kwenye kitako na kuangukia miguu yako. Usimwage maji. Fungua madirisha, iache ipoe palepale ilipo.

Ikishapoa, igeuze ukague kitako kabla ya kufikiria kuisafisha. Kama kiko sawa na hakichezi mezani, endelea na hatua ya 3. Kama kimevimba, kina mpasuko kwenye maungio, au kuna matone ya metali pembeni, sufuria hiyo isirudi jikoni hata ikisafishika: kitako kilichoachana kinaweza kubanduka kikiwa na mafuta ya moto ndani.